Utepe Mweusi kwa Mtu Aliye Hai

Dolphine alishuka kwenye pikapu ya shamba mbele ya ukumbi wa kanisa pale Kajiado mjini, amekumbatia maua meupe mpaka kidevuni. Krisanthemu, tena yale makubwa yenye kichwa kama ngumi ya mtoto. Yalikuwa yamekataliwa kwenye shamba la maua kule Isinya kwa sababu shina lilipinda kidogo, na wanunuzi wa ng'ambo ua likipinda shingo hawalitaki, hata liwe zuri namna gani. Dolphine ndiye msimamizi wa chumba cha kupakia. Meneja alimwambia, "Beba tu, madam, badala ya kulisha ng'ombe."

"Weh! Umeleta msitu!" Jentrix alipaza sauti kutoka mlangoni.

"Nisaidie kwanza, kelele baadaye. Shingo inauma."

Jentrix alikuwa jirani yake wa ploti moja kule Kitengela, na mwenzake katika ule ugonjwa wao wa tamthilia za Kikorea. Wamezitazama mpaka karibu wajue kulia kwa Kikorea. Jumapili wakitoka kanisani wanafunga mlango, wanakaanga mandazi, na wa kwanza kutoa machozi ndiye anaosha vyombo. Wanajua namna ya kumsalimia mama mkwe wa huko, wanajua kummiminia mkubwa kinywaji kwa mikono miwili. Zaidi ya yote, wanajua matanga ya huko. Hakuna tamthilia isiyo na matanga. Picha kubwa ya marehemu imewekwa juu, maua meupe yamejaa chini yake kama povu, na utepe mweusi umeteremka kwenye pembe mbili za juu za fremu kama mabega ya koti. Ukiona utepe huo huhitaji kuambiwa. Mtu amekwenda.

Sasa Jentrix alikuwa amepata kibarua cha kweli kweli na Mkorea wa kweli kweli. Bi Seo alikuwa mpiga picha, msanii, mtu ambaye kwao picha zake zinatundikwa kwenye majumba makubwa watu wakaingia kuziangalia kimya kama wako ibadani. Alikuwa amezunguka na kamera yake mnada wa mifugo wa Kajiado na manyatta za kando ya barabara ya Namanga, akipiga picha wazee. Leo maonyesho yanafunguliwa.

"Alikuambia ni picha za nini?" Dolphine aliuliza, akipanga maua kwenye ndoo.

"Aliniambia kwa mdomo wake: ni picha za mazishi za wazee wa Kajiado. Basi nikajua. Maskini, wote wameenda. Familia zao ndio zinakuja leo." Jentrix akachomoa kwenye mkoba roli la utepe mweusi alilonunua dukani. "Sasa si tumfanyie sapraizi? Yeye ameenda kuchukua pilau. Akirudi apate kila kitu kimefungwa kama kwao. Atalia, nakuambia."

"Wewe unataka tu kumwona Mkorea akilia laivu."

"Kwani ni dhambi?"

Wakacheka. Picha zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimefungwa kwa karatasi ya kaki. Wakagawana kazi: Jentrix anachana karatasi, Dolphine anafunga utepe, kwa kuwa mikono yake imezoea kufunga vitu vizuri na haraka. Ya kwanza ikatoka: mama wa Kimaasai, masikio yametoboka, shanga zimejaa kifua kizima, anacheka na jino moja. "Pumzika, mama," Dolphine akamwambia, akamvika utepe. Ya pili, mzee wa Kisomali mwenye ndevu nyekundu za hina. "Pumzika, mzee." Ya tatu, Mkamba mwenye kofia.

Mikono ikiendelea, roho ya Dolphine ikaanza kuingia baridi. Alikuwa anamfikiria baba yake. Omolo hakuwa na picha. Alikwenda Naivasha kutafuta kazi ya maua, Dolphine akiwa bado mtoto wa shule, na ile vurugu ya uchaguzi ilipowaka hakuonekana tena. Walimtafuta kwenye kambi, kwenye mochari, kwenye redio. Mwishowe ukoo ukasema imetosha: mtu asiyezikwa anafunga njia ya walio nyuma yake, hakuna kuoa, hakuna kujenga. Wakafanya kile Wajaluo wanachofanya mwili ukikosekana. Walikata tunda la yago, lile refu zito kama gogo linalobembea mtini kwa kamba yake, wakalivika shati la Omolo, wakalilaza kwenye jeneza, wakalizika nyumbani Ugenya na kulililia. Dolphine alirusha udongo juu ya tunda. Hakuna picha juu ya jeneza, kwa sababu ile moja waliyokuwa nayo aliondoka nayo kwenye kitambulisho. Siku hiyo, katika kilio chote kile, jambo lililomchoma zaidi lilikuwa hilo: hata uso wa kuaga hakuna.

"Shika huyu," Jentrix alisema, akichana karatasi.

Dolphine alipiga magoti, akapitisha utepe kwenye pembe ya kushoto, akauvuta mpaka ya kulia, akapiga fundo. Ndipo akainua macho.

Mzee mmoja mwembamba alikuwa anamtazama. Shuka nyekundu juu ya koti kuukuu, fimbo mkononi, ngozi imekaushwa na jua la Kajiado. Nyusi ya kushoto ilikuwa imekatwa katikati na kovu, kama njia ya ng'ombe inayopita kwenye nyasi.

Lile kovu alilitia yeye. Alikuwa mtoto, hasira zimempanda, akarusha kifuniko cha sufuria.

Hakupiga kelele. Alikaa vile vile alivyokuwa, vidole bado kwenye fundo.

"Dolphine? Umejidunga?"

"Huyu ni baba."

"Baba nani?"

"Wangu. Huyu ni babangu, Jentrix."

Jentrix alikuwa anajua habari ya yago. Aliinama, akaitazama picha, akamtazama rafiki yake, na kicheko chote kikamtoka usoni kama maji yanavyomwagika kwenye karai. "Mungu wangu. Dolphine, kwani hii picha ni ya lini?"

Hapo ndipo pigo la pili lilipomfikia. Mzee wa pichani alikuwa mzee. Mvi, mikunjo, mikono yenye mishipa. Omolo aliyekwenda Naivasha hakuwa na unywele mmoja mweupe. Kwa hiyo hakufa kwenye ile vurugu. Aliishi. Alizeekea hapa hapa, Kajiado, mahali ambapo Dolphine hupita kwa basi akienda ofisi za kaunti. Alikuwa hai miaka yote hii, akafa juzi, na yeye, bintiye, ndiye ametoka kumfunga utepe sasa hivi kwa mkono wake, akijiuliza tu kama fundo limekaa sawa.

"Nimempata amekufa," alisema. "Jentrix, nimempoteza mara mbili."

Jentrix akakaa chini kwenye makaratasi, akamshika.

Wakiwa hapo sakafuni, mlango ulisukumwa. Bi Seo aliingia na sufuria ya pilau iliyofungwa kwa leso, anatabasamu. Alitazama picha. Tabasamu likaganda. Akaweka sufuria chini polepole sana, kama mtu aliyeona nyoka.

Kiswahili alikisomea chuoni kwao, na alikuwa akikiongea safi kuliko watu wote wa Kajiado. "Jentrix. Tafadhali. Nani amewafunga hawa?"

"Ni sisi, madam. Sapraizi. Kama kwenu."

"Kwetu utepe hufungwa mtu akishafariki!"

"Si ndio wamefariki?"

"Nani amefariki? Hakuna aliyefariki! Wako njiani, wanakuja kula pilau!"

Nje, ng'ombe fulani alilia kuelekea mnadani.

Bi Seo alikimbilia picha ya kwanza, akaanza kufungua utepe kwa kucha, na kucha ziliposhindwa akatumia meno. "Mmewaua," alikuwa akisema. "Wakiingia wakiona hivi, nitawaambia nini? Nimewaahidi maisha marefu!"

"Madam, wewe mwenyewe ulisema picha za mazishi!"

"Ndiyo, za mazishi! Ya baadaye! Kwetu mzee hupigwa picha yake akiwa bado na nguvu, amevaa vizuri, amechagua mwenyewe uso atakaowaachia watoto. Inaitwa picha ya maisha marefu. Watu husema ukishakuwa nayo tayari, kifo hakina haraka tena. Bibi yangu aliiweka yake kabatini. Kila mwaka aliichungulia, akasema, 'Bado mimi ni mrembo kumshinda huyu.'" Akatema kipande cha uzi. "Siku alipokufa ndipo tulipofunga utepe. Siku hiyo tu."

"Aki madam, kwetu Kakamega ukimpiga mzee picha ya mazishi akiwa hai, wewe ndio unazikwa kwanza," Jentrix alisema.

Dolphine alikuwa bado amepiga magoti. Maneno hayo yote yalikuwa yanapita juu ya kichwa chake, mpaka moja likashuka na kukaa. Alinyanyua kidole.

"Na huyu?"

"Huyo ni Mzee Safari. Ndivyo wanavyomwita mnadani, huswaga ng'ombe wa watu. Kwa nini unalia?"

"Yuko hai?"

"Alinisalimia asubuhi."

Dolphine alisimama, akakaa tena. Jentrix akapiga kofi mdomoni mwake mwenyewe ili asipige nduru.

"Wengine niliwabembeleza sana," Bi Seo aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, maana aliona kuna jambo. "Huyu alikuja peke yake. Aliniambia, 'Nipige na mimi, maana nilizikwa bila picha.' Nilidhani Kiswahili changu kimekosea. Nikacheka. Yeye hakucheka."

Basi ikawa pigo la tatu, na hili lilikuwa na makali. Alikuwa anajua. Mtu anajua kuwa watoto wake wamemlilia, wamemzikia tunda, na bado anaamka asubuhi anaswaga ng'ombe. Machozi ya Dolphine yakakatika kama bomba limefungwa. Alifungua utepe kwenye picha ya baba yake, fundo lake mwenyewe, akauzungusha kiganjani.

Wazee wakaanza kuingia. Mama wa jino moja, mzee wa hina, Mkamba na kofia yake, wote hai, wote wananukia sabuni, wanasalimiana kwa Kimaasai, "Supa!" na "Ipa!" ukumbi mzima. Wakajionea sura zao ukutani wakaanza kuchekana. "Huyu mbona ana pua kubwa kuliko mimi?" mzee wa hina aliuliza. Bi Seo alikuwa anainamia kila mmoja mpaka kiuno kinakatika, na hawakujua anaomba msamaha wa nini.

Wa mwisho aliingia na viatu vya akala, fimbo begani. "Supa!" alisema kwa wote.

Dolphine alimwendea. Hakumwita baba. Alisimama mbele yake kama askari wa lango.

"Mzee, hilo kovu ulilipata wapi?"

Mzee alicheka kidogo, akaligusa. "Hili? Ni mtoto wangu. Alinirushia kifuniko cha sufuria. Nilikuwa nimemchinjia kuku yake, na wageni wako mezani."

"Kuku alikuwa anaitwa nani?"

"Kuku huyo alikuwa na kiburi cha mwenyekiti wa chama cha kina mama, acha tu. Alikuwa anaitwa Cheyaledi..."

Hakumaliza. Mdomo ulibaki wazi, na fimbo ikateleza begani ikaanguka sakafuni. Alimtazama mwanamke huyu mzima mwenye sare ya shamba la maua, akarudi nyuma hatua moja, akainua kiganja mbele ya uso kama anayekinga jua.

"Nyathina," alisema. Mwanangu. Kisha haraka, kwa hofu: "Usiniguse! Dolphine, usiniguse!"

"Tulikuzika."

"Najua."

"Nilikurushia udongo, baba! Nilikuwa mtoto, nikakurushia udongo! Na unajua?"

Mama wa jino moja, aliyekwisha kuanza pilau, aliacha kijiko hewani. Omolo aliegemea ukuta karibu na picha yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nyuso zile mbili zikawa pamoja, wa karatasi umetulia na wa nyama unatetemeka.

"Nilitoka Naivasha nikiwa nimelala chini ya magunia kwenye lori la ng'ombe la mnada wa huku," alisema. "Nyumba imeungua, kitambulisho kimeungua, kila kitu. Nikasema siwezi kurudi kwa min Dolphine, mama yako, mikono mitupu. Nitarudi nikipata kitu. Na mtu akishasema hivyo, miaka inampita. Lakini nilirudi. Nisikilize. Nilirudi."

"Lini? Nani alikuona?"

"Ilikuwa mchana. Nilifika mpaka kwenye ua wa michongoma. Mama yako alikuwa anaanika nguo. Nikataka kuita. Nikaona simenti chini ya mwarobaini, imeandikwa jina langu. Nikasoma mara ya pili, maana shule yangu ni ile ya vipande vipande, unajua. Ni jina langu. Mtoto fulani akaniona pale nimesimama, akakimbia akipiga kelele kwamba ni jachien, ni zimwi, wenzake wakaja na mawe." Akameza mate. "Hawakukosea. Mtu aliyezikwa akiingia boma lake, anaingia na chira, laana ya ukoo. Watoto wanaanza kukonda mmoja mmoja mpaka wanaisha. Wewe na mdogo wako Sydney mlikuwa humo ndani. Nikasema, basi. Bora mimi nibaki maiti, nyinyi mpone."

Dolphine alikuwa amejiandaa kumtukana. Alikuwa ameyapanga matusi yote mdomoni kama anavyopanga maua kwenye boksi. Sasa hakujua ayapeleke wapi.

"Kwa hiyo ulikaa hapa ukifa kwa ajili yetu," alisema.

"Nilikaa hapa nikiswaga ng'ombe. Ndio kazi nilipata."

Dolphine alichukua simu. Omolo aliona, akaanza kutikisa kichwa, "Hapana, hapana, nyathina, usimuue mama yako," lakini ilikuwa inaita tayari, na Dolphine aliiweka spika wazi.

"Haloo? Dolphine? Mbona mchana? Nani amekufa?" Ilikuwa sauti ya mama yake, Florence, kutoka Ugenya, na nyuma yake kuku na redio.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ndio maana napiga. Kaa chini."

"Nimekaa. Niko na baba yako mdogo Dalmas hapa, tunachambua maharagwe. Sema."

"Niko na baba."

"Baba gani? Pasta?"

"Baba."

Redio ya kule ilizimwa. "Dolphine, baba yako tulimzika."

"Tulizika yago, mama."

Jentrix akachungulia simu kuona kama imekatika. Kisha Florence akasema, pole pole, kama anayeongea na mbwa asiyemjua: "Mpe simu."

Omolo aliipokea kwa mikono miwili. Alifungua mdomo kusema. Akakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu, cha kupanda ngazi mbili na kushuka moja.

Nduru iliyotoka kwenye simu iliwafanya wazee wote waseme jina la Mungu, kila mmoja kwa lugha yake. Kule Ugenya nduru hiyo hupigiwa msiba. Florence hakuwa na nyingine.

"Ni yeye! Dalmas, ni yeye! Hicho kikohozi nimelala nacho kitanda kimoja!"

"Min Dolphine," Omolo akanong'ona.

Sauti ya kiume ikaingia, nzito, imetishika. "Kaka, kama ni wewe, usije. Nakuomba. Huku una kaburi. Mtu aliye na kaburi haingii nyumbani. Wazee watasemaje? Tutaisha wote."

"Nimemwambia hivyo hivyo," Omolo alisema, na bega likamshuka. Akaanza kumrudishia Dolphine simu, kama mtu aliyesikia hukumu aliyoizoea.

"Asikate!" Florence alipiga kelele. "Dalmas, nyamaza. Nakuuliza: lile kaburi nani alichimba?"

"Ni mimi, shemeji. Unajua ni mimi."

"Basi unajua lilipo. Chukua sururu."

"Shemeji! Mila haijasema mahali popote..."

"Mila haijasema kwa sababu haijawahi kuniuliza. Kama shida ni kaburi, liondoke. Yago litoke, litupwe mtoni, mzee wa manyasi aje na dawa zake atunyunyizie mpaka tulowe. Lakini mume wangu hawezi kulala porini kwa ajili ya tunda! Haya, inuka!"

Walisikia kiti kikisukumwa. Walisikia hatua, na Florence akihema, simu ameisahau mkononi. Hakuna aliyesogea ukumbini. Bi Seo alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Pilau ilipoa.

Kisha ikasikika: chuma juu ya simenti. Ng'a! Tena, ng'a! Kila ilipogonga, Omolo alishtuka mwili mzima, mkono ukienda kifuani, kama anayebishiwa hodi kutoka upande mwingine. Dolphine alimsogelea. Safari hii baba yake hakumkataza. Dolphine alimshika mkono, wenye sugu za fimbo, wa moto, na utepe mweusi ukabanwa katikati ya viganja vyao.

Ng'a! Ng'a!

"Haipasuki," alisema Dalmas kwa mbali, akitweta.

Omolo alisikiliza kidogo, macho yamemtoka, machozi yanateremka kwenye mikunjo ile ile ya pichani.

"Kwani mlichanganya mifuko mingapi?" aliuliza.